Mwili unachelewa kurudi: maswali ninayoulizwa kila mara na wenzangu wa miaka 40 na kuendelea

Kila Jumamosi kikundi chetu tukishuka mlima Loleza hapa Mbeya huwa tunakaa pale chini tunakunywa chai ya rangi, na maswali yanayokuja ni yaleyale, anabadilika muulizaji tu. Wengi tuna kati ya miaka 40 na 65, kuna mama wa sokoni Mwanjelwa, walimu, mafundi, wakulima wa viazi wa kule Uporoto na wazee wa timu ya maveterani. Mimi ni muuguzi, nna miaka 54, nimekaa wodini muda mrefu na mlima wenyewe naupanda. Nimeona niyaandike yote sehemu moja, maana kuna watu wanakata tamaa na miili yao mapema mno, na wengine wanaita uzee kitu ambacho ni ugonjwa unaotibika.

## Mambo ya mwanzo

Hivi ni kweli mwili unachelewa kupona ukiongeza umri, au ni mawazo tu?

Ni kweli kabisa. Msuli ukifanya kazi nzito unapata michaniko midogo midogo ya ndani, halafu kuna chembe maalumu zinaamka zinaanza kuziba na kujenga upya. Umri ukienda zile chembe zinapungua na zinachelewa kuamka, uvimbe wa ndani unakawia kutulia, na msuli wenyewe unakuwa mzito kuitikia chakula unachoupa. Kano na gegedu za magoti ndo kabisa, zile hazipati damu ya kutosha tangu ujanani, kwa hiyo zikiumia zinakawia zaidi.

Mimi nililiona kwenye ngazi za nyumba yangu. Ziko nne tu. Jumamosi nilishuka mlima vizuri, Jumapili nikaenda kanisani bila shida, Jumatatu asubuhi nikajikuta nashuka zile ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta, na mpaka Alhamisi ndo nikashuka kama mtu. Miaka kumi nyuma mlima uleule ungeniuma siku moja ukaisha.

Ila kuna kitu nataka kiwaingie: sehemu kubwa ya tunachokisingizia umri ni kuacha kujishughulisha. Ukimlinganisha mtu wa 55 anayefanya mazoezi mwaka mzima na wa 35 anayeshinda kwenye kiti, mara nyingi yule wa 55 atarudi haraka zaidi.

Inaanza umri gani?

Misuli inaanza kupungua kwenye miaka ya thelathini, kwa makadirio ya kawaida kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na ukipita 60 kasi inaongezeka. Huwezi kuona kwenye kioo kwa sababu mafuta yanajaza nafasi. Wengi wanashtuka kwenye 40 na kitu, siku wamefanya kitu walichokizoea zamani na mwili ukadai muda.

Kwa nini siumwi siku ileile, naumwa kesho kutwa?

Ndivyo maumivu ya misuli yalivyo, yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Yanayokusumbua ni ule uvimbe wa ukarabati, na ukarabati hauanzi papo hapo. Kwa hiyo ukijisikia vizuri Jumapili usijidanganye ukaenda kubeba magunia, subiri Jumatatu iseme. Maumivu ya papo hapo, yaani unasikia kabisa kitu kimekatika au goti limeteguka, hayo ni mengine, angalia swali la kuchua na kukanda huko chini.

Mbona kushuka kunaniumiza kuliko kupanda?

Swali hili napenda sana. Kupanda unahema, moyo unadunda, unadhani ndo umeumia. Ila ukishuka paja linafanya kazi ya breki, msuli unavutwa huku umekaza, na kazi ya namna hiyo ndo inachana zaidi. Loleza iko mita 2,656 na mji uko kama mita 1,700, sasa fikiria karibu kilomita moja ya breki kwenda chini.

Habari njema ni kwamba msuli unakumbuka. Ukishuka mara moja ukaumia, ukishuka tena baada ya wiki moja au mbili maumivu yanakuwa madogo hata kama hujaongeza nguvu yoyote. Ndo maana tunawaambia wageni wa kikundi waishie nusu ya njia mara ya kwanza, wengi hawasikii, halafu hatuwaoni mwezi mzima.

## Mazoezi na kazi

Nipumzike siku ngapi?

Baada ya zoezi zito mpe msuli uleule saa 48 mpaka 72. Ukiwa na 25 ungefanya leo na kesho, sasa fanya leo na keshokutwa, ikibidi siku ya tatu. Kipimo changu ni ngazi: nikishuka bila kushika ukuta, niko tayari. Kingine ni mapigo ya moyo ya asubuhi kabla hujatoka kitandani, yahesabu dakika nzima kwa wiki moja ujue ya kwako ya kawaida, siku ukikuta yamepanda mapigo saba au kumi juu ya kawaida basi mwili bado uko kazini, au unataka kuugua.

Kupumzika maana yake kulala?

Hapana jamani. Hapa ndo wengi wanapoharibu. Mtu anaumwa mapaja anakaa kwenye sofa siku tatu, anainuka amekakamaa kama mti. Tembea. Dakika 20 au 30 tambarare, mwendo wa kwenda sokoni, damu ipite. Mimi siku zangu za kupumzika natembea tu kwenda kazini na kurudi.

Mimi ni mkulima, msimu wa kuvuna viazi hauna siku ya kupumzika. Nifanyeje?

Sitakudanganya eti upumzike siku mbili wakati gari la mnunuzi limesimama shambani. Ila kuna nafasi ndani ya kazi yenyewe. Kwanza badilisha kazi: asubuhi ukichimba, mchana chambua na kujaza, usichimbe siku nzima ukidhani unamaliza haraka. Pili ile lumbesa, gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, mtu wa miaka 50 asiinue peke yake, hata kama anaweza. Naomba mnisikie hapa, migongo niliyoiona ikiletwa hospitali mwezi wa uvunaji ni ya watu waliokuwa wanaweza.

Tatu, wiki tatu kabla ya msimu anza kuuandaa mwili, beba ndoo, chuchumaa na kusimama mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Msuli unakumbuka, nimeshaeleza kwenye swali la kushuka mlima, na shambani ni hivyohivyo.

Nacheza maveterani kila Jumapili, kila mwezi naumia nyama za paja. Kwa nini?

Kwa sababu kati ya Jumapili na Jumapili hufanyi chochote, halafu unashuka kwenye gari unaingia uwanjani na baridi ya Mbeya, dakika ya tatu unakimbilia mpira kama una miaka 20. Pasha dakika 15 mpaka jasho litoke, jasho la kweli. Katikati ya wiki weka siku mbili za nguvu: kuchuchumaa, kupanda na kushuka kwenye kibao, pushapu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za mazoezi ya misuli, na ukipita 65 uongeze ya kujifunza mizani, kama kusimama mguu mmoja. Mpira wa Jumapili peke yake haufiki huko.

Na nyama ikichanika usirudi kwa sababu maumivu yameisha, rudi ukiweza kukimbia kasi na kusimama ghafla bila woga. Wazee wa timu wanarudi wiki ya pili, wanachanika palepale.

Juni na Julai ndo nakufa kabisa. Baridi inaleta ugonjwa wa viungo?

Baridi haikuletei ugonjwa wa viungo, ila inakaza misuli na kufanya kiungo kilichochoka kijisikie zaidi. Watu wa Makete na Njombe wanaoamka wakakuta barafu kwenye nyasi wanalijua hili kuliko mimi. Vaa nguo mbili mbili, pasha mara mbili ya kawaida, na baada ya jasho badilisha nguo hapohapo. Na usiache mazoezi miezi miwili ukisubiri joto la Septemba, maana ukirudi utaanza sifuri.

## Chakula, usingizi na pombe

Nile nini ili nirudi haraka?

Protini, na uigawe. Nimesema msuli wa mtu mzima unakuwa mzito kuitikia chakula, kwa hiyo kipande kimoja cha nyama usiku hakitoshi, unahitaji kiasi cha maana kila mlo. Kwa wenye umri mkubwa inashauriwa kama gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, yaani mtu wa kilo 65 anahitaji kama gramu 65 mpaka 78. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Huku kwetu hatuna kisingizio, maharage yamejaa, maziwa ya Tukuyu yapo, dagaa wapo. Tatizo letu ni sahani: mlima wa ugali au wali, maharage vijiko viwili pembeni. Geuza kidogo.

Wenye figo mbovu hili la kuongeza protini wamuulize daktari wao kwanza.

Supu ya makongoro inajenga magoti?

Ni supu nzuri, ina joto, ina protini kiasi, kunywa. Ila kongoro haliendi moja kwa moja kwenye goti, tumbo linalivunja kama chakula kingine. Mayai mawili yatakusaidia zaidi kwa hela ndogo.

Nalala kwa muda wa saa sita lakini naamka nimechoka.

Umri ukienda ule usingizi mzito unapungua, na homoni ya ukuaji inayosaidia ukarabati inatoka kwa wingi ndani ya usingizi huohuo. Kwa hiyo kitanda ni sehemu ya mazoezi. Lala kwa muda wa saa saba mpaka nane, simu iache sebuleni, chai ya majani na kahawa ziishie alasiri. Na kama mwenzio anasema unakoroma halafu unakata pumzi, hilo usilipuuze, kapime, wengi wana presha inayotokana na hapo.

Ulanzi baada ya mazoezi vipi?

Najua wa Iringa mtaninunia, msimu wa mvua ulanzi ukiwa mtamu ndo raha ya jioni. Pombe yoyote, iwe ulanzi, komoni au bia, inakupa usingizi haraka halafu inauvunja usiku wa manane, na ikizidi inachelewesha misuli kujengwa. Siku ya zoezi zito iache, au kunywa kidogo mapema baada ya kula. Siku nyingine ni maamuzi yako.

## Dawa na kuchua

Nameza diklofenaki kila nikiumwa, ina shida?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipokuwa na 47 goti lilinisumbua, nikaanza kununua diklofenaki duka la dawa karibu na nyumbani, kidonge asubuhi kidonge jioni, miezi minne. Muuzaji hakuniuliza kitu hata siku moja, na mimi nilijua kabisa ninachofanya nikajipa ruhusa. Asubuhi moja nikapata choo cheusi kama lami. Ilikuwa damu ya kidonda cha tumbo, nikalazwa, nikaongezewa damu uniti mbili. Goti lilikuwa vilevile.

Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, zinatoboa tumbo, zinabana figo na zinapandisha presha, na hatari inakua kadiri umri unavyokua. Siku mbili tatu kwa ushauri sawa, kila siku hapana. Na ukiona choo cheusi nenda hospitali siku hiyohiyo. Parasetamo ni salama zaidi kwa tumbo ukifuata kipimo, ila ukizidisha inaua ini.

Kuna pia sindano na vidonge vya "kuondoa maumivu yote" vinavyouzwa kiholela, vingi ndani vina deksamethasoni au prednisoloni. Unajisikia kijana wiki mbili, huku mifupa inadhoofika na sukari inapanda. Usikubali bila kuandikiwa na daktari.

Kuchua na kukanda kwa maji ya moto?

Kama umechoka tu au umekaza, maji ya moto ni mazuri na kuchua kunaliwaza. Kama umeteguka leo na pamevimba, acha moto na acha kuchuana kwa nguvu siku mbili tatu za mwanzo, tumia baridi, funga, nyanyua mguu. Wapo wazee wa kuchua wanavuta kiungo mpaka kinalia, wakati ndani pamevunjika. Piga picha kwanza.

## Lini sio umri

Kidonda changu kimechukua wiki tano. Ni uzee?

Ngozi ya mtu mzima inafunga polepole kweli, ila wiki tano kwa mkwaruzo ni nyingi. Kuna mama tunapanda naye, jembe lilimkwangua ugoko wakati wa kupalilia, mkwaruzo mdogo kama kidole, akaweka majivu, akaweka asali, haufungi. Pembeni palikuwa pamekauka na katikati panang'aa unyevu. Tulimpeleka kupima sukari asubuhi hajala, ikasoma 14. Kawaida ikifika 7 au zaidi hajala, na kipimo kikirudiwa kikatoa hivyo, ni kisukari. Yeye alishajiambia ni uzee, alikuwa na 49. Baada ya kuanza dawa kidonda kilifunga.

Kwa hiyo kidonda kikipita wiki tatu bila kuonyesha kufunga, pima sukari.

Nimechoka muda wote, hata nikipumzika wiki nzima.

Uchovu wa mazoezi unaisha ukipumzika. Usioisha una sababu nyingine. Pima damu, upungufu wa damu upo sana hasa kwa mama wanaopata hedhi nzito, na sisi tuna tabia ya kunywa chai pamoja na chakula, na chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja baada ya mlo ndo unywe chai. Pima sukari, pima presha, na VVU kama hujapima muda mrefu. Ukikohoa wiki mbili, ukatoka jasho usiku na kupungua, kapime kifua kikuu, kipimo na dawa ni bure.

Na tezi ya shingo. Zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida nyanda zetu hizi kwa sababu ya upungufu wa madini joto, ndo maana chumvi inawekewa. Tezi ikilegea unachoka, unasikia baridi kuliko wenzio, unanenepa, na misuli inauma bila kazi. Kipimo chake kipo na dawa yake ni kidonge.

Dalili gani nisisubiri hata siku moja?

Kifua kubana au maumivu kwenda mkono, taya au mgongo ukiwa unapanda. Mkojo mweusi kama soda ya kola baada ya kazi nzito, huo ni msuli unaovunjika na unaziba figo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye nyama za nyuma. Kiungo kimevimba, kina moto na una homa. Hizo ni za hospitali leo.

## Maswali ya pembeni

Tangu hedhi ikate kila kitu kinauma. Nazusha?

Huzushi, dada yangu. Kwa wengi hedhi inakoma karibu na miaka 50, na homoni ya kike (estrojeni) ikishuka usingizi unavurugika, viungo vinauma na mifupa inapoteza uimara kwa kasi miaka ya mwanzo. Mazoezi ya nguvu ndo kinga kubwa ya mfupa. Ongea na daktari, usione aibu, hata mimi niliongea nikiwa nimechelewa.

Nilifanyiwa upasuaji, ndugu wananikataza kuinuka.

Kama daktari amekuruhusu, inuka. Wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 tu kwa utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Kilo nzima, na hawakuwa wagonjwa. Kaa kwenye kiti wakati wa kula, tembea mpaka mlangoni, kesho mpaka uani.

Natoka Dar, nikija Mbeya nahema kama mzee. Ni umri?

Hapana, ni mwinuko. Hewa ya mita 1,700 ina oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Jipe siku tatu nne za kutembea kabla hujakimbia.

Kuna umri wa kuacha kabisa?

Ed Whitlock wa Kanada alikimbia maratoni chini ya saa 3 akiwa na miaka 73, mwaka 2004. Na akiwa na 85, mwaka 2016, alitumia saa 3 na dakika 56. Alipungua kweli kwa karibu saa nzima, na bado alikuwa anakimbia. Punguza kasi, ongeza siku za kupumzika, ukiwa na ugonjwa wa moyo pima kwanza.

Baba ana 78, tunamkataza shamba, anatoroka. Tufanyeje?

Wangu pia alikuwa hivyo kule Tukuyu. Tulimficha jembe, akawa anakaa barazani anaangalia migomba, na kwa miezi mitatu tukaona miguu inamwisha, mpaka kuinuka kwenye kiti akawa anaomba mkono. Tukamrudishia. Tukakubaliana naye alime asubuhi kwa muda wa saa moja na nusu tu, jembe jepesi, kijana mmoja awe karibu, kesho yake apumzike. Shikamoo yangu ya jioni ilikuwa inaanza na swali, "Baba, leo ulikuwa siku ya shamba au ya kupumzika?" na yeye ananijibu safari hii ni mstari gani wa migomba amefika.